Rosemary Karuga: Mwalimu Aliyerudi kwa Sanaa Yake

Mwaka 1990, Studio Museum iliyoko Harlem, New York, ilionyesha kazi za wasanii tisa wa Afrika. Walikuwamo El Anatsui na Ablade Glover, wote wazaliwa wa Ghana, Bruce Onobrakpeya wa Nigeria, na wachongaji mashuhuri wa mawe kutoka Zimbabwe. Kati ya wote tisa, mwanamke alikuwa mmoja tu: mwalimu mstaafu kutoka Kenya, mama wa watoto, aliyekwisha kuvuka miaka sitini. Picha alizokuwa akitengeneza ziliungwa kwa vipande vya karatasi, na katika karatasi hizo mlikuwa na pakiti za unga na makaratasi ya sabuni ya Rexona.

Jina lake ni Rosemary Namuli Karuga. Mimi nimekuwa mwalimu wa shule ya msingi maisha yangu yote ya kazi, na somo nililolipenda kuliko mengine ni sanaa. Chuoni tulikaririshwa majina ya wachoraji wa Italia na Ufaransa. La Mwalimu Karuga sikulisikia hata siku moja, ingawa alikuwa akifundisha katika nchi hii hii wakati sisi tunajifunza kushika chaki. Nililijua baadaye sana, nilipoiona kazi yake ukutani Nairobi, na tangu hapo sijaacha kuwasimulia walimu wenzangu habari zake. Leo nakusimulia wewe, msomaji, kwa sababu kisa chake kinamhusu kila aliyewahi kuambiwa, au kujiambia mwenyewe, kwamba wakati wake umepita.

Watu wengi wakimtaja husema alianza sanaa uzeeni. Mimi naona kauli hiyo inamnyima haki. Alianza akiwa msichana, akasomea, kisha maisha yakamtaka kwingine kwa zaidi ya miaka thelathini. Kilichokuja uzeeni ni nafasi.

Msichana wa Meru aingia Makerere

Karuga alizaliwa Meru tarehe 19 Juni 1928. Baba yake alitoka Uganda, mama yake alikuwa Mkenya. Alisoma katika shule ya Kikatoliki, na masista waliomfundisha ndio walioona kwamba mtoto huyu ana mkono wa kuchora. Hawakulinyamazia jambo hilo. Walimhimiza aendelee, na mwaka 1950 akaingia shule ya sanaa ya Makerere, Kampala. Alikuwa mwanamke wa kwanza kusoma pale.

Ili tuupime uzito wa hatua hiyo, tukumbuke Makerere ilikuwa nini wakati ule. Vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar waliotaka elimu ya juu bila kuvuka bahari walikuwa na mlango huo mmoja. Shule ya sanaa yenyewe ilianzishwa na Mwingereza Margaret Trowell, ambaye mume wake alikuwa daktari katika hospitali ya Mulago. Mama huyo alianza kwa kufundisha watu kuchora nyumbani kwake katika miaka ya 1930, na madarasa yale yakakua hadi yakapata nafasi chuoni. Katika shule hiyo alipita Gregory Maloba, mchongaji Mkenya aliyetengeneza Mnara wa Uhuru wa Kampala wa mwaka 1962. Alipita Sam Ntiro wa Kilimanjaro, mchoraji aliyekuja kuwa balozi wa kwanza wa Tanganyika jijini London. Alipita pia Elimo Njau wa Marangu, ambaye tutamrudia hivi punde, kwa kuwa ana sehemu katika kisa hiki.

Katika safu hiyo ya wanaume ndimo alimoketi binti wa Meru. Alisoma usanifu wa michoro, uchoraji na uchongaji, akamaliza mwaka 1952.

Miaka ya ubao na chaki

Alirudi nyumbani katika mwaka mgumu. Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya. Watu walikamatwa, vijiji vikazungushiwa uzio, na kusafiri kukahitaji kibali. Mwaka uliofuata Karuga aliolewa, akapata watoto watatu, na akashika kazi ya ualimu.

Msomaji kijana anaweza kuuliza: kwa nini hakuendelea kuchora? Angechorea wapi, na angemuuzia nani? Paa ya Paa, jumba la sanaa ambalo Waafrika wenyewe waliliongoza Nairobi, lilianzishwa mwaka 1965. Gallery Watatu ilifunguliwa mwaka 1968. Karuga alipotoka Makerere, miaka hiyo yote ilikuwa bado mbele. Rangi ya mafuta ililetwa kwa meli, na turubai vilevile. Mwanamke mwenye elimu ya Makerere alikuwa na njia moja iliyo wazi, nayo ilikuwa kusimama mbele ya watoto na kufundisha.

Mimi naijua siku ya mwalimu mwanamke. Unaamka kabla ya kuku. Unawaandaa wako, kisha unakwenda kuwalea wa wenzako. Jioni kuna shamba, kuna jiko, kuna madaftari ya kusahihisha kwa taa ya chemni. Januari ikifika, karo haingoji. Mwalimu wa namna hiyo akipata shilingi za ziada, atanunua sare ya mtoto kabla ya kununua brashi, na hakuna atakayemlaumu.

Wapo waliokata shauri jingine. Sane Wadu, mwalimu mwingine wa Kenya, aliacha darasa katika miaka ya 1980 akiwa bado kijana ili achore. Alichora hata juu ya nguo zake. Majirani walipodai kwamba amerukwa na akili, akajiita Sane, neno la Kiingereza la mtu mwenye akili timamu, na jina hilo likamfikisha mbali. Namheshimu kwa ujasiri wake. Lakini sithubutu kusema kwamba Karuga alikosa ujasiri kwa kubaki. Alikuwa na watoto wa kulisha na darasa lililomtegemea. Kubaki nako kulikuwa kazi ya moyo.

Tena miaka ile haikupotea bure. Anayefundisha watoto kuchora hulazimika kutazama kila siku. Mtoto atakuuliza kwa nini mbuzi wake anafanana na meza, nawe huna budi kuwaza mguu wa mbuzi unavyokunjika, shingo inavyoungana na bega, kivuli kinavyoangukia chini ya tumbo. Ukifanya hivyo kwa miongo mitatu, jicho lako linakuwa kali hata kama mkono wako haujapata turubai. Nilipozitazama picha za Karuga nililiona jicho la mwalimu aliyezoea kueleza kitu hadi mtoto wa mwisho nyuma ya darasa akielewe.

Mwaka 1987, Paa ya Paa

Karuga alipostaafu alikuwa anakaribia sitini. Watoto walikuwa wamekua, na binti yake ndiye aliyemhimiza arudi kwenye sanaa. Mwaka 1987 akapata nafasi ya kufanya kazi Paa ya Paa, kwa Elimo Njau na mkewe Phillda.

Jumba hilo lilikuwa mahali pazuri pa kuanzia upya. Njau, aliyechora picha maarufu za maisha ya Yesu katika kanisa kuu la Murang'a mwishoni mwa miaka ya 1950, alikuwa na msimamo aliourudia kwa kila msanii: usiige. Aliamini kwamba anayeiga humlaza Mungu usingizi. Kwa mtu aliyekaa mbali na sanaa kwa muda mrefu, maneno hayo ni faraja na ni mtihani. Ni faraja kwa sababu hutakiwi kuwafikia vijana kwa mtindo wao. Ni mtihani kwa sababu lazima utafute wa kwako.

Karuga aliupata wa kwake kwa kulazimika. Rangi zilikuwa ghali kupita kiasi kwa mstaafu. Akaangalia kilichomo ndani ya nyumba, na kilichomo katika nyumba nyingi za Kenya ni pakiti ya unga na karatasi ya sabuni. Akazikata, akazipanga, akazibandika. Baadaye akaongeza magazeti, na kurasa zinazong'aa za majarida ya picha. Hivyo akawa msanii wa kolaji, yaani picha zinazoundwa kwa kubandika vipande.

Alitengeneza picha za wanyama na ndege, za wanawake kazini, za maisha ya kijijini aliyoyajua kwa kuyaishi. Alitengeneza pia picha za riwaya ya The Palm-Wine Drinkard ya Mnigeria Amos Tutuola, ile ya mlevi anayemfuata mgema wake hadi mji wa wafu. Riwaya hiyo ilichapishwa mwaka 1952, mwaka ule ule Karuga alipotoka Makerere. Kazi hizo ni miongoni mwa zilizompatia sifa kubwa, na picha zake zikaonekana London na Paris mbali na New York. Kutoka Paa ya Paa hadi Harlem ilikuwa miaka mitatu.

Picha ya karatasi inavyoundwa

Wapo wanaosikia habari ya pakiti za unga wakadhani ni mchezo wa watoto. Mimi nimewafundisha watoto kubandika karatasi kwa miaka mingi, kwa hiyo naomba nieleze ugumu wake, ili ukikutana na kolaji ya Karuga ujue unatazama nini.

Mchoraji wa rangi akitaka hudhurungi iliyofifia, anachanganya rangi mbili tatu mpaka aipate. Msanii wa karatasi hachanganyi. Lazima aitafute hudhurungi hiyo ikiwa tayari imechapishwa mahali fulani: kwenye ubavu wa pakiti, kwenye picha ya udongo katika jarida, kwenye tangazo la viatu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukusanya, na ya pili ni kuchambua, kama mtu anayechambua maharagwe kwenye ungo: nyekundu za joto huku, nyekundu zinazoelekea zambarau kule, nyeusi ya wino wa gazeti mbali na nyeusi inayong'aa ya jarida. Bila akiba hiyo huwezi kuanza hata shavu la mtu.

Kisha kuna mchoro wa penseli chini yake. Huu ndio unaobeba picha nzima, na hapa ndipo mafunzo ya Makerere yanapojitokeza. Kama umbo la twiga halikukaa sawa kwenye penseli, hakuna karatasi, hata iwe nzuri kiasi gani, itakayoliokoa.

Halafu vinakuja vivuli. Uso wa mtu mweusi una hudhurungi nyingi sana ndani yake: ya paji la uso lililopigwa na jua, ya chini ya kidevu, ya pembeni mwa pua. Kila moja inataka kipande chake, na vipande vikikaa vibaya uso unaonekana wa bandia. Hata gazeti lisilo na rangi lina daraja za kijivu. Maandishi madogo yaliyobanana yanatoa kijivu kizito, makubwa yaliyoachana yanatoa chepesi. Ukingo nao una maana yake. Ukikata kwa mkasi unapata mstari mkali unaofaa pembe au mdomo wa ndege. Ukichana kwa mkono unabaki na uzi mweupe wa nyuzi za karatasi, na uzi huo unaweza kuwa mwanga juu ya bega.

Mwishoni ni gundi. Ikizidi, karatasi inavimba na kukunjamana. Ikipungua, kona zinanyanyuka baada ya muda. Watoto wangu darasani walijifunza kwa uji wa unga, na hata huo ulitaka mkono mtulivu.

Ukisimama hatua kadhaa kutoka kwenye kazi ya Karuga, unaona picha iliyokamilika, yenye mwili na mwanga. Ukisogea karibu, picha inafumuka na kuwa mamia ya vipande vidogo, kila kimoja kimechaguliwa. Wataalamu wameifananisha na picha za vijiwe vya rangi zilizopamba makanisa ya zamani ya Bizanti. Mimi ninachosema ni hiki: subira ya namna hiyo haipatikani kwa mtu mwenye haraka ya kutajwa.

Niongeze jambo moja kwa wanaomiliki kazi za aina hii. Karatasi ya gazeti ina asidi inayotokana na mbao, ndiyo maana inageuka manjano na kukatika. Wino wa vifungashio hupauka juani. Picha ya karatasi isitundikwe mkabala na dirisha, wala kioo cha fremu kisiiguse. Kazi iliyotengenezwa kwa kitu tunachokitupa inahitaji uangalizi kuliko ile ya rangi ya mafuta.

Wengine waliopita njia hiyo

Kila nikimfikiria Karuga namkumbuka mwalimu mwingine, wa ng'ambo. Alma Thomas alizaliwa Georgia, Marekani, mwaka 1891. Mwaka 1924 alikuwa mtu wa kwanza kuhitimu sanaa katika Chuo Kikuu cha Howard. Baada ya hapo alifundisha sanaa katika shule moja jijini Washington kwa miaka 35, akastaafu mwaka 1960. Ndipo alipojitolea kikamilifu kwa zile picha zake za mistari na miduara ya rangi kali. Mwaka 1972, akiwa na miaka 80, akawa mwanamke wa kwanza mweusi kupewa maonyesho yake peke yake katika jumba la Whitney, New York. Leo picha yake imo katika hazina ya Ikulu ya Marekani.

Tazama mfanano huo. Wanawake wawili weusi, mabara mawili, kila mmoja wa kwanza mahali aliposoma, kila mmoja akatoa miongo yake ya nguvu kwa watoto wa watu, na kila mmoja akapata jina baada ya kustaafu. Hili siwezi kuliita bahati. Kwa mwanamke asiye na mali, ualimu ulikuwa njia pekee ya kuishi karibu na sanaa, na pensheni ndiyo iliyokuja kumpa saa zake mwenyewe.

Karibu nasi zaidi yuko Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, ambaye hakushika brashi hadi mwaka 1968, akiwa na miaka thelathini na kitu, baada ya kazi za mashamba ya mkonge Tanga na vibarua vya Dar es Salaam. Naye alitumia kilichopatikana: mbao laini za dari na rangi ya kupaka baiskeli. Alifariki mwaka 1972. Miaka minne ilimtosha kuacha mtindo unaolisha familia za wachoraji hadi leo. Basi ukiniuliza umri unaofaa kuanza, nitakujibu kwamba kinachohesabika ni alichokiona mtu kabla ya kuanza, na kama anapata mahali pa kuketi na kufanya kazi.

Tunalopaswa kufanya

Mwaka 2006 Karuga alihamia Ayalandi kuishi na binti yake, kwa sababu ya afya. Huko ndiko alikofariki mwezi Februari 2021, akiwa na miaka 92. Magazeti yetu yakaandika kuwa tumempoteza mama wa sanaa ya Kenya. Ilikuwa sahihi kuandika hivyo. Ingekuwa sahihi zaidi kama watoto wa shule zetu wangekuwa wanalijua jina lake kabla ya siku hiyo.

Nina maombi manne. La kwanza ni kwa walimu wenzangu. Mtaala mpya wa umilisi umeirudisha sanaa darasani, na watoto wanatakiwa kutengeneza kolaji. Tuwaonyeshe kazi ya Karuga kabla ya kuwaonyesha ya mtu wa mbali. Vifaa vyake viko katika kila jiko.

La pili ni kwa wenye watoto wakubwa na wazazi wastaafu. Binti wa Karuga alimhimiza mama yake, na himizo hilo liliizalia nchi msanii. Ukimwona baba yako akichonga kijiti barazani, au mama yako akipanga rangi za uzi, usimwambie apumzike. Mtafutie meza mahali penye mwanga, umpunguzie wajukuu wa kuchunga kwa saa chache, umnunulie gundi.

La tatu ni kwa makumbusho na serikali za kaunti. Nunueni kazi za wasanii wazee wangali hai, mzihifadhi ipasavyo, mzitundike mahali ambapo mwanafunzi wa kijijini anaweza kuzifikia bila kulipa nauli ya Nairobi.

La mwisho ni kwako uliyestaafu, au unayekaribia. Kama uliwahi kuchora, ukaacha kwa sababu ya karo na madaftari, ujuzi wako bado unao. Anza na kilichomo ndani ya nyumba.

Rosemary Karuga aliingia shule ya sanaa mwaka 1950, na dunia ikaja kuiona kazi yake mwaka 1990. Miaka arobaini ni mingi mno. Tusiwangojeshe hivyo walio hai.